Chama Kinachomfuata Mtu Nyumbani: Mwongozo wa Kuunda na Kuendesha Chama cha Watoto na Watu Wazima Wenye Mtindio wa Ubongo

Mwongozo huu umekusudiwa wazazi, walezi, watu wazima wenye mtindio wa ubongo, watumishi wa afya na ustawi wa jamii, pamoja na wahisani wanaotaka kuunda chama cha hisani au kukiimarisha kilichopo, hasa katika Tanzania na nchi jirani. Hoja yake kuu ni kwamba jeraha la ubongo linalosababisha hali hii haliongezeki wala haliponi, ilhali mwili na maisha ya mwenye hali hiyo hubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo chama chenye manufaa hakiahidi uponyaji, bali humfuata mtu nyumbani kwake, akiwa mchanga, akiwa mwanafunzi, na akiwa mtu mzima mwenye kazi, ndoa na uzee wake. Kila hatua inayoelezwa hapa imejengwa juu ya hoja hiyo.

Kuifahamu hali yenyewe

Mtindio wa ubongo, ambao baadhi ya wasemaji, hasa wa Kenya, huuita pia kupooza kwa ubongo, ni jina la pamoja la matatizo ya kudumu ya mwendo na ya mkao wa mwili yanayotokana na jeraha au hitilafu iliyoupata ubongo ulipokuwa bado unakua, iwe ni tumboni mwa mama, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo ya utoto. Tatizo haliko kwenye mguu wala mkono, kwa kuwa viungo hivyo huzaliwa vikiwa vizima. Liko katika amri zinazotoka kwenye ubongo kwenda kwenye misuli, ambazo hufika zikiwa zimezidi, zimepungua au zimevurugika.

Wataalamu hutofautisha aina kuu 3. Aina iliyoenea zaidi ni ile ya mkakamao, ambapo misuli hukaza na viungo huwa vigumu kukunjuka. Aina ya pili ni ile ya miondoko isiyotawalika, ambapo mikono, uso au kiwiliwili hujipinda bila hiari ya mwenyewe. Na aina ya tatu ni ile ya kuyumba, ambapo mtu hukosa ulinganifu anapotembea au kushika kitu. Wapo pia wenye mchanganyiko wa aina hizo. Hali inaweza kuathiri upande mmoja wa mwili, miguu zaidi kuliko mikono, au viungo vyote vinne pamoja na shingo. Ukali wake hupimwa kwa kipimo cha ngazi 5 kilichochapishwa nchini Kanada mwaka 1997, ambapo mtu wa ngazi ya 1 hutembea bila msaada na mtu wa ngazi ya 5 huhitaji kusaidiwa hata kushikilia kichwa chake. Chama kinapaswa kukifahamu kipimo hiki kwa sababu mahitaji ya mtu wa ngazi ya 1 na ya mtu wa ngazi ya 5 yanatofautiana kiasi kwamba mpango mmoja hauwezi kuwafaa wote wawili.

Visababishi ni vingi, na mara nyingine hakuna kinachojulikana kwa hakika. Miongoni mwa vinavyofahamika ni kuzaliwa njiti, yaani kabla ya mimba kutimiza muda wake, mtoto kukosa hewa wakati wa uzazi uliokwama, manjano kali ya mtoto mchanga ambayo haikutibiwa, homa ya uti wa mgongo, na malaria kali inayoingia kwenye ubongo. Utafiti uliofanywa katika wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2017, ulikadiria kuwa watoto 2.9 katika kila 1,000 wana hali hii, na kwamba takriban robo yao waliipata baada ya kipindi cha uchanga, hasa kutokana na malaria ya ubongo. Maana yake kwa chama ni kwamba chandarua, huduma bora ya uzazi na kumwahisha hospitalini mtoto mwenye manjano ni sehemu ya kazi yake, sawa na mazoezi ya viungo.

Hali hii haiambukizi, si laana, si malipo ya dhambi za ukoo, wala haikuletwa na mwenendo wa mama. Kauli hiyo haina budi kurudiwa katika kila kikao cha kijiji na kila nyumba ya ibada, kwa kuwa mtoto anayedhaniwa kuwa mkosi hufungiwa ndani, na mtoto aliyefungiwa ndani hafikiwi na huduma yoyote, hata iwe nzuri namna gani.

Kuyachunga majina

Katika mazungumzo ya kila siku, watu wengi hutumia maneno mtindio wa ubongo kwa maana ya upungufu wa akili, na hivyo kumhukumu kila mwenye hali hii kuwa haelewi. Ni kweli kwamba baadhi yao wana ulemavu wa akili pia, lakini wengine wengi wana akili timamu iliyofungwa ndani ya mwili usiotii na kinywa kisichotamka maneno waziwazi. Vilevile hali hii hutofautiana na usonji, ambao huathiri zaidi mawasiliano na mahusiano, na hutofautiana na kichwa kikubwa na mgongo wazi, ambavyo vina matibabu yake mahususi.

Sarufi ya Kiswahili yenyewe ina funzo katika jambo hili. Majina ya zamani kama kiwete, kiziwi na kilema yana umbo la ngeli ya ki-vi, ambayo kwa sehemu kubwa ni ngeli ya vitu, ilhali istilahi ya sasa, mtu mwenye ulemavu, humrudisha mhusika katika ngeli ya watu. Chama kitumie istilahi hiyo katika katiba, barua na mabango yake, na kiwasahihishe kwa upole wanaotumia nyingine. Huko Uingereza, shirika kubwa la kitaifa la watu wenye hali hii lilibadilisha jina lake mwaka 1994 na kuitwa Scope, kwa sababu neno la kitabibu lililokuwemo katika jina la awali lilikuwa limegeuka tusi katika viwanja vya shule.

Kuanza na kundi kabla ya jengo

Historia ya vyama vya aina hii inaonyesha kwamba vingi vilianzishwa na wazazi waliokosa huduma kwa ajili ya watoto wao. Kituo cha Sydney, Australia, kilianzishwa mwaka 1945 na wazazi wa msichana mmoja, Audrie na Neil McLeod. Shirika la kitaifa la Marekani likafuata mwaka 1949. Na lile la Uingereza lilianzishwa mwaka 1952 na wazazi 3 pamoja na ofisa mmoja wa ustawi wa jamii. Mfuatano huo unafaa kuigwa: kwanza kundi la wazazi, kisha huduma, na jengo baadaye, endapo litahitajika. Vyama vinavyoanza kwa kutafuta kiwanja na mfadhili wa ujenzi huishia mara nyingi na nyumba nzuri ambayo mama anayembeba mtoto wa miaka 8 mgongoni hawezi kuifikia.

Kundi la mwanzo la walezi 8 hadi 12 linatosha. Likutane mahali ambapo nauli ni ndogo, kama vile zahanati, ofisi ya serikali ya mtaa, shule, msikiti au kanisa, na kwa saa ambazo hazigongani na kazi za shambani au sokoni. Baba waalikwe kwa majina, kwa sababu katika familia nyingi mzigo wa malezi humwangukia mama peke yake, na si nadra ndoa kuvunjika baada ya mtoto kutambuliwa. Bibi na shangazi waalikwe pia, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaobaki na mtoto mama anapokwenda kutafuta riziki.

Mada za vikao zisiachwe zijizukie. Mafunzo yanayojulikana kwa jina la Ubuntu, yaliyoendelezwa na chuo cha afya ya jamii na tiba za kitropiki cha London kutokana na kazi ya awali iliyofanyika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, yamepangwa kwa ajili ya vikundi vya wazazi, na yanagusa mkao, ulishaji, mawasiliano, michezo na unyanyapaa. Mwezeshaji anaweza kuwa mtaalamu, lakini utaratibu wenye nguvu zaidi ni ule wa mtaalamu kushirikiana na mzazi mwenye uzoefu, kwa kuwa mzazi mpya humsikiliza kwa makini aliyepitia njia ileile.

Kabla ya kubuni huduma mpya, chama kiorodheshe zilizopo. Nchini Tanzania, CCBRT ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1994, na hospitali ya KCMC mjini Moshi ni miongoni mwa vituo vinavyofahamika kwa tiba ya watu wenye ulemavu. Nchini Kenya, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kimekuwepo tangu mwaka 1958. Na nchini Uganda kituo cha Katalemwa huwahudumia watoto wenye ulemavu. Chama cha wilayani hakina haja ya kuwa hospitali ndogo, kwa kuwa nafasi yake halisi ni kuwa daraja kati ya vituo hivyo na nyumba ambamo mtoto hulala.

Usajili, katiba na uongozi

Kikundi kinachofanya kazi katika kata moja au chache kinaweza kuanza kwa kusajiliwa kama kikundi cha kijamii katika halmashauri. Kikikua, nchini Tanzania kinaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na nchini Kenya chini ya sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika mwaka 2024. Ofisa maendeleo ya jamii ndiye mtu wa kwanza kuonwa, kwa sababu huzijua fomu, ada na masharti yanayotumika kwa wakati huo.

Katiba iandikwe kwa lugha ambayo kila mwanachama anaielewa, na iwe na mambo 4 yasiyokosekana: nani anaweza kuwa mwanachama, viongozi wanapatikana na kuondoka vipi, fedha zinatolewa benki kwa saini za nani, na mali itakwenda wapi chama kikivunjwa. Ni muhimu pia katiba itenge nafasi za uongozi kwa watu wazima wenye mtindio wa ubongo wenyewe. Mzazi humwakilisha mtoto kwa haki, lakini mtu wa miaka 30 asiyepewa nafasi ya kusema katika chama kilichoundwa kwa jina lake amefanywa mtoto kwa mara ya pili.

Kuwatambua watoto mapema

Utafiti wa watoto 657 wa jimbo la Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya uwezo wa mwendo wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hupatikana kabla ya umri wa miaka 5, na kwa wenye hali kali zaidi hata kabla ya miaka 3. Kwa hiyo kauli ya kawaida kwamba mtoto asubiriwe kwa kuwa atachangamka mwenyewe inaweza kumgharimu miaka yenye thamani kuliko yote.

Chama kiwafundishe wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wazazi wanaohudhuria kliniki kuzitambua dalili za tahadhari, ambazo ni mtoto asiyeweza kushika shingo kufikia umri wa miezi 4 hivi, asiyeketi mwenyewe kufikia miezi 9, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, ambaye ngumi zake hubaki zimefumbwa, ambaye miguu yake hupishana kama mkasi anaponyanyuliwa, au ambaye hunyonya kwa shida na kupaliwa mara kwa mara. Dalili moja peke yake haithibitishi ugonjwa, ila inatosha kumpeleka mtoto kwa daktari. Watoto waliozaliwa njiti, waliochelewa kulia, waliopata manjano kali au degedege katika siku za mwanzo wafuatiliwe hata kama hawaonyeshi dalili yoyote.

Kazi ya nyumbani: kula, mkao, kifafa na mawasiliano

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mwendo na misuli, anaweza kumwona mtoto kwa saa 1 katika mwezi. Saa nyingine zote za mwezi huo mtoto yuko mikononi mwa walezi wake, akilishwa, akibebwa, akivishwa na kulazwa. Tiba yenye matokeo ni ile iliyoingizwa ndani ya shughuli hizo, na chama kitumie nguvu zake nyingi hapo.

Ulishaji ndilo jambo la kwanza kwa uzito. Ufuatiliaji wa watoto wale wa Iganga na Mayuge ulionyesha kwamba hatari ya kufariki kwao ilikuwa zaidi ya mara 20 ya ile ya watoto wengine wa eneo hilo, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale wenye utapiamlo mkali na ulemavu mkubwa wa mwendo. Desturi ya kumlaza mtoto chali na kummiminia uji kinywani ni ya hatari, kwa sababu chakula huingia kwenye njia ya hewa na kuleta nimonia, ambayo ni homa ya mapafu. Mtoto aketishwe wima iwezekanavyo, kidevu kikiwa kimeinama kidogo kuelekea kifuani, mlezi akiwa mbele yake kwa usawa wa macho, na kijiko kidogo kiwekwe juu ya ulimi bila haraka, mlezi akisubiri ameze kabla ya kijiko kinachofuata. Chakula laini na kizito humezwa kwa usalama zaidi kuliko chakula chepesi kama maji. Kwa kuwa mtoto huchoka kabla ya kushiba, ni bora kumlisha kidogo mara 5 au 6 kwa siku, na kuongezea uji maziwa, karanga zilizosagwa, parachichi au mafuta ya kupikia, ili kijiko kimoja kibebe lishe kubwa. Chama kiwe na mizani, kimpime kila mtoto kila mwezi, na kimpeleke kituo cha afya mtoto ambaye uzito wake umesimama au ambaye hukohoa kila anapokula.

Mkao ni jambo la pili. Misuli iliyokaza huvuta mifupa taratibu, na mtoto anayelazwa kwa namna moja kutwa nzima huishia na mgongo uliopinda, magoti yasiyonyooka na nyonga zilizoteguka. Hakuna mkao mmoja ulio bora kwa saa zote, bali kinachotakiwa ni kubadilisha: kulala ubavu huku kanga iliyoviringishwa ikitenganisha magoti, kuketi nyonga na magoti vikiwa vimekunjwa kwa pembe mraba na nyayo zikiwa zimekanyaga, na kusimamishwa katika fremu kwa wale ambao wataalamu wameshauri hivyo. Mbeleko ya kawaida, inayoipanua miguu ya mtoto kiunoni au mgongoni mwa mlezi, humfaa mtoto mdogo kuliko kumbeba mikononi kama mtoto mchanga. Kunyoosha viungo kufanywe polepole na mwili ukiwa na joto, kwa mfano baada ya kuoga; kumnyoosha kwa nguvu hadi alie huongeza mkazo na humfundisha kuogopa mikono inayomsaidia. Migongo ya walezi nayo izingatiwe, na wafundishwe kunyanyua kwa kukunja magoti, kwa kuwa mama akishindwa kuinama, huduma ya mtoto imesimama.

Kifafa huwapata wengi wenye hali hii, na dawa zake hutibu tu zinapotumiwa kila siku. Kuikatiza dawa ghafla, ama kwa kuishiwa fedha ama kwa kudhani mtoto amepona, kunaweza kuleta mishtuko mikali ya mfululizo inayohatarisha maisha. Hivyo chama kifuatilie upatikanaji wa dawa katika hospitali ya wilaya na kuwa na mfuko mdogo wa kuwasaidia wanaokwama. Mtu anapoanguka, alazwe ubavu, vitu vyenye ncha viondolewe, asiwekewe chochote kinywani, na apelekwe hospitali haraka mshtuko ukizidi dakika 5.

Mawasiliano ndiyo huduma inayosahaulika kuliko zote. Mtoto asiyetamka anaweza kujibu ndiyo kwa kutazama juu na hapana kwa kufumba macho, au kuchagua kati ya vitu viwili kwa kukitazama anachokitaka. Baadaye anaweza kutumia ubao wenye picha za chakula, maji, choo, maumivu, mama na mchezo, ambao hutengenezwa kwa boksi la kadibodi na picha za kuchora. Walezi wafundishwe kuuliza, kisha kungoja, kwa kuwa jibu la mtoto huyu linaweza kuchukua sekunde nyingi kuliko walivyozoea. Mtu mwenye njia ya kusema hapana ana kinga pia dhidi ya wanaotaka kumdhulumu.

Vifaa vinavyolingana na mwili

Kitimwendo, ambacho wengine hukiita kiti cha magurudumu, ni kifaa cha tiba kinachopaswa kupimwa kama kiatu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 miongozo ya vitimwendo kwa nchi zenye rasilimali chache, na msisitizo wake ni kwamba mtumiaji apimwe, kiti kirekebishwe kwa mwili wake na mazingira yake, afundishwe kukitumia, kisha afuatiliwe. Kiti kipana cha hospitali kilichotolewa kama sadaka kwa mtoto wa miaka 4 humfanya aegemee upande mmoja na kuharakisha kupinda kwa mgongo wake. Mhisani anayetaka kutoa viti aombwe agharamie pia upimaji na matengenezo, na akikataa, ni halali kuikataa zawadi yake kwa heshima.

Vifaa vingi huweza kutengenezwa karibu na nyumbani. Seremala akipewa vipimo hutengeneza kiti cha pembeni, chenye migongo miwili inayokutana kama kona ya chumba, pamoja na fremu ya kusimamia. Kuna pia ufundi ulioanzia Zimbabwe wa kutengeneza viti vya watoto kwa tabaka za karatasi na kadibodi zilizogandishwa kwa gundi ya unga, ambavyo vikikauka huwa vigumu kama mbao. Mjini Moshi, chuo cha TATCOT kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 1981 mafundi sanifu wa viungo bandia na vifaa tegemezi, na wahitimu wake ni watu wa kushauriana nao. Kwa vile mtoto hukua, kila kifaa kiandikwe katika daftari pamoja na tarehe ya kukikagua upya, angalau kila baada ya miezi 6.

Shule na haki zilizoandikwa

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, zinalinda haki ya elimu na heshima. Viongozi wa chama wawe na nakala za sheria hizi wanapokwenda kwa mwalimu mkuu, lakini waende pia na suluhisho: meza iliyoinuliwa, njia ya mteremko mahali pa ngazi, choo chenye kishikio, muda wa nyongeza katika mtihani, na mlezi au mwanafunzi mwenza wa kusaidia. Mwalimu anayeogopa kwamba hataweza huhitaji kuonyeshwa kabla ya kulaumiwa.

Watu wazima

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayepata huduma hukua na kuwa mtu mzima, na hapo ndipo vyama vingi humwacha. Ingawa jeraha la ubongo halijabadilika, mwili uliotumia nguvu nyingi kwa kila hatua huchakaa mapema: maumivu ya viungo, uchovu na kupungua kwa uwezo wa kutembea huanza kwa baadhi ya watu wakiwa bado vijana. Chama kiwafahamishe watu hawa kwamba kutumia kitimwendo kwa safari ndefu si kushindwa, na kiwaunganishe na huduma za maumivu, meno na afya ya uzazi. Wanawake wenye hali hii hupata mimba na kujifungua, na wanastahili huduma ya kliniki isiyowashangaa. Elimu ya mwili, ridhaa na kujilinda itolewe mapema kwa wasichana na wavulana, na kila tuhuma ya unyanyasaji ipelekwe kwenye vyombo vya sheria badala ya kumalizwa kifamilia.

Upande wa riziki, sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 kuajiri watu wenye ulemavu kwa kiwango cha asilimia 3, na utaratibu wa mikopo ya halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa ajili ya vikundi vya watu wenye ulemavu. Chama kiwasaidie wanachama kuandika maombi, kuweka hesabu na kuchagua kazi inayoendana na mwili wa kila mmoja, kwa mfano huduma za fedha kwa simu, ushonaji, ufugaji wa kuku au kazi za kompyuta.

Swali zito kuliko yote katika kila kundi la wazazi ni nani atamlea mtoto wao watakapokuwa hawapo. Lisiepukwe. Kila familia isaidiwe kuandika, mapema na mhusika mwenyewe akishirikishwa, nani ataishi naye, dawa na chakula chake ni vipi, anawasilianaje, anapenda na kuchukia nini, na sehemu yake ya urithi italindwaje.

Fedha, picha na uwazi

Fedha za chama zianze na michango midogo ya wanachama, kama inavyofanyika katika vikundi vya kuweka na kukopa, kwa sababu mchango wa mwanachama humpa sauti ya kuuliza. Kila malipo yawe na stakabadhi, na mweka hazina asome hesabu mbele ya wote kila robo mwaka. Katika bajeti, nauli itangulie semina, kwa kuwa gharama ya bodaboda au bajaji ndiyo inayoamua kama mtoto atafika kliniki.

Wahisani mara nyingi huomba picha. Mtoto asipigwe picha akiwa uchi, akitokwa na udenda au akiwa sakafuni ili kuamsha huruma, na picha yoyote itumike kwa ridhaa ya mlezi, na ya mhusika mwenyewe anapoweza kuitoa. Picha itakayobaki mtandaoni ataiona siku moja yeye, mwajiri wake na watoto wake.

Kupima kazi

Idadi ya semina zilizofanyika na ya watu waliohudhuria haitoshi kuonyesha kama chama kinafaa. Mwisho wa kila mwaka, daftari la chama lijibu maswali haya kuhusu kila mwanachama mmojammoja: je, uzito wa mtoto umeongezeka, je, kifaa chake bado kinamtosha, je, dawa zake zilikatika, je, yuko shuleni au kazini, je, ana njia ya kusema ndiyo na hapana ambayo angalau watu wawili nje ya mama yake wanaielewa, na je, ni nani aliyemtembelea nyumbani na lini. Mstari usio na jibu ndio unaoonyesha nyumba ya kuanzia mwaka unaofuata.